Damu yetu imezoea malaria, sasa seli za mdogo wangu wanazipima za nini?

"Shikamoo daktari. Mimi niko Urambo, Tabora, nina watoto watatu, wa mwisho ana miezi saba. Mdogo wangu anasoma chuo huko Pwani, juzi kanipigia anasema kuna watafiti wamemtoa damu vichupa sita, wanataka kuona seli zake za kinga zinafanyaje zikiwekewa vipande vya mdudu wa malaria, eti ni mambo ya chanjo. Alisaini fomu na wakampa nauli. Mama yetu aliposikia hakulala, anasema hao ni mumiani wa kisasa, na kwamba wakishamchanganyia mdudu kwenye damu lazima ataugua. Mimi najiuliza jingine, sisi huku tumeumwa malaria tangu utotoni, sikumbuki mwaka uliopita bila kuumwa, si damu yetu imeshazoea? Sasa chanjo inatafuta nini tena kwetu? Na mbona wifi yangu kazaliwa hapahapa Urambo, kakaa Njombe miaka minne tu, karudi na mimba ya kwanza malaria ikamlaza wodini mpaka akaongezewa damu? Hiyo kinga ilienda wapi? Na huyu wangu wa miezi saba nimpe chanjo iliyopo au nisubiri hiyo mpya wanayoitafuta kwa damu ya mjomba wake?"

Marahaba dada yangu. Hapo umeuliza swali moja lakini ndani yake kuna manne, na yote ni ya maana, kwahiyo naomba uwe mvumilivu maana jibu ni refu. Naanza na la mama kwa sababu yeye ndo hajalala.

Vichupa wanavyotumia kwa kazi hii kwa kawaida ni vya mililita 10 hivi kila kimoja, sita ni mililita 60, yani vijiko vinne vya chakula. Mtu mzima anatembea na damu kama lita tano. Wale wanaochangia damu salama wanatoa mililita 450 kwa mara moja alafu wanakunywa soda wanaenda zao. Vijiko vinne kwa kijana mwenye afya mwili hata haushtuki, maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja mbili na chembe nyekundu zinafuata ndani ya wiki chache.

Alafu hilo la kuchanganyiwa mdudu. Mwambie mama hivi: kinachochanganywa ni ile damu iliyokwisha kutoka, iko maabara kwenye kisahani cha plastiki, na haimrudii kijana wake hata tone. Na vile vipande sio mdudu. Ni vipande vifupi vya protini vinavyotengenezwa kwa mashine, vinafuata mpangilio wa protini ya mdudu wa malaria lakini havina uhai, havizaliani, haviwezi kuingia kwenye seli wala kufanya chochote peke yao. Ili uumwe malaria unahitaji mdudu mzima aliye hai, basi. Ila nisiwe muongo, zipo tafiti za aina nyingine ambapo mtu mzima mwenye afya anakubali kwa hiari yake kuchomwa mdudu hai ili kupima chanjo, na Bagamoyo zimefanyika, majibu ya zile za mwanzo yalitoka mwaka 2014. Hizo zina fomu yake kabisa, mtu anafuatiliwa kwa karibu sana na anapewa dawa mdudu akionekana tu kwenye damu. Mdogo wako katolewa damu tu na kapewa nauli, hiyo siyo ile. Akitaka uhakika aisome nakala ya fomu, mambo yote yanatakiwa yaandikwe mle.

Sasa wanafanya nini na hiyo damu? Hapa naomba nikae kidogo maana watu wengi hawaambiwagi, ndo maana maneno ya mumiani hayaishi.

Damu ikifika maabara inamiminwa taratibu juu ya kimiminika kizito kinaitwa Ficoll, alafu inazungushwa kwenye mashine kwa kasi. Chembe nyekundu ni nzito zinashuka chini, maji ya damu ya rangi ya njano yanabaki juu, na katikati panatokea utando mwembamba mweupe hivi, unaweza usiuone kama hujui unachotafuta. Huo utando ndo mali. Mle ndani kuna seli T, seli B na wenzao, ndo seli za kinga zenyewe. Kwa kila mililita ya damu unapata kama milioni moja hivi, kwahiyo vichupa sita vinakupa kama milioni sitini, ambayo inasikika nyingi lakini kwa kazi ya maabara inaisha haraka, ndo maana wanachukua sita badala ya kimoja. Zingine wanazigandisha kwenye nitrojeni ya maji, baridi ya kama nyuzi 196 chini ya sifuri, zikae hata miaka.

Zile za kupimwa wanazigawa kwenye visahani vyenye vishimo vidogo vidogo. Shimo hili kipande cha protini namba moja, shimo lile namba mbili, jingine halina kitu kabisa ili waone seli zikiachwa zenyewe zinafanyaje, na jingine linawekewa kichocheo kikali kinachoamsha karibu kila seli ili wawe na uhakika kwamba seli ziko hai, maana seli iliyokufa haijibu chochote na ungesema mtu hana kinga kumbe ni friji lilizima usiku. Visahani vinalala kwenye joto la mwili, nyuzi 37, mpaka kesho yake. Seli T ambayo imewahi kukutana na kile kipande inakitambua na kumwaga kemikali inaitwa interferoni gama. Kisahani kimepakwa kitu kinachoinasa hiyo kemikali palepale ilipomwagwa, wakiweka rangi kinatokea kidoa. Kidoa kimoja ni seli moja iliyojibu. Wanahesabu vidoa kwa kila milioni ya seli, na kwa mtu ambaye hajachanjwa, hata kama kaishi na malaria maisha yake yote, kwa vipande vingi unakuta ni vidoa vichache tu katika milioni nzima. Kipimo hicho kinaitwa ELISPOT na siyo siri, kinatumika dunia nzima.

Kwanini seli za Mtanzania na siyo za mzungu tu? Sababu moja ni ya kimaumbile. Seli zetu zote isipokuwa chembe nyekundu zina protini juu yake zinaitwa HLA, kazi yake ni kuonyesha vipande vya kilichomo ndani ya seli ili seli T zipite zikague. Hizi HLA zinatofautiana mtu na mtu na jamii na jamii, HLA yako inaweza kukishika kipande fulani vizuri na ya jirani yako isikishike kabisa. Mwaka 1991 mtafiti Adrian Hill na wenzake walichapisha kazi waliyofanya Gambia ikionyesha kwamba watoto wenye aina moja ya HLA, inaitwa B53, walikuwa na nafuu dhidi ya malaria kali, na hiyo aina ni ya kawaida Afrika Magharibi lakini ni adimu Ulaya. Sasa ukitengeneza chanjo kwa kuangalia damu za watu wa Oxford peke yao unaweza kuchagua vipande ambavyo seli za watu wa Urambo hazivioni. Sababu ya pili nitaifikia chini, nayo ni nzito kuliko hii.

Tuje kwenye damu iliyozoea. Hilo ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndo inaua watoto.

Mbu jike wa anofelesi akikuuma anakutemea wadudu wachache sana, mara nyingi hawafiki mia, wanaitwa sporozoiti. Hao hawakai kwenye damu, wanakimbilia ini, na kila mmoja anaingia kwenye seli moja ya ini na kujifungia humo kama wiki moja hivi. Wiki hiyo nzima hujisikii chochote, unalima tumbaku yako, unacheka na watu. Kumbe ndani ya hiyo seli moja anazaliana mpaka makumi elfu, seli inapasuka, wanamwagika kwenye damu na kuanza kuvamia chembe nyekundu, na kila baada ya saa 48 wanapasua zile walizomo na kuingia mpya. Homa, kutetemeka, kichwa, kupungukiwa damu, yote hayo yanatoka kwenye hii hatua ya damu, ya ini haina dalili kabisa.

Sasa kinga ambayo wewe umeijenga miaka yote hiyo ni ya hatua ya damu kwa sehemu kubwa. Wadudu kwenye damu wako mabilioni, wanakaa muda mrefu, mwili unawaona na unatengeneza kingamwili, yani protini za kuwanasa, dhidi yao. Lakini mdudu mjanja. Akishakaa ndani ya chembe nyekundu anasukuma nje protini yake inayomsaidia kung'ang'ania kuta za mishipa ili asipelekwe kwenye bandama akasagwe, na hiyo protini ana matoleo kama 60 kwenye vinasaba vyake, analitoa hili, mwili ukilijua anahamia lingine. Ni sawa na sungusungu wa kijiji kuambiwa mwizi kavaa shati jekundu, wakati wanalitafuta shati jekundu yeye keshavaa la kijani na anawasalimia njiani. Na kila mdudu mpya anayeletwa na mbu ana kabati lake tofauti. Ndo maana surua ukiugua mara moja imeisha lakini malaria inachukua miaka na miaka ya kuumwa mpaka mwili uwe umeyajua mashati ya kutosha. Na hata hapo unachopata sio kutoambukizwa, unapata kutozidiwa. Mtu mzima wa Urambo anaweza kuwa na wadudu kwenye damu sasa hivi na yuko shambani hana habari, mbu akimuuma anawachukua anampelekea mtoto.

Kuna na shida nyingine watu hawaifikirii. Zile seli T zinazoua seli zilizoingiliwa, wataalamu tunaziita CD8, zinategemea HLA ili zijue ndani kuna mgeni. Chembe nyekundu ya damu haina kiini na haionyeshi HLA, kwahiyo mdudu akishaingia humo CD8 zinapita pembeni yake hazimuoni. Zinaweza kumkamata akiwa kwenye ini tu, na kwenye ini anakaa wiki moja, wako wachache, hawafanyi fujo. Mwili haupati muda wa kujifunza. Hata ukiumwa na mbu kila siku ya Mungu, hatua ya ini inafundisha kidogo sana.

Umeona sasa tunapokwenda? Chanjo hazikuja kuongezea kile ambacho damu yako imeshakizoea, zimekuja kuufundisha mwili kitu ambacho malaria yenyewe haijawahi kuufundisha vizuri. Chanjo mbili zilizopo, RTS,S na R21, zote zinalenga yule sporozoiti kabla hajaingia ini. Juu ya ngozi yake kavaa protini moja inaitwa CSP, ina kipande kifupi kinachojirudia rudia kama mara 40, chanjo imechukua hicho kipande na sehemu nyingine ya CSP ambayo seli T zinaitambua, ikavifunga kwenye protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B, ile ya juu tu, isiyo na kirusi. Alafu wanaweka kichocheo cha kuuamsha mwili, na kwa zote mbili ndani ya kichocheo kuna kitu kinatoka kwenye magome ya mti wa Chile, yani hata kisayansi dawa ya miti shamba bado ipo. Hapo seli T aina ya CD4 zinazisaidia seli B, seli B zinatengeneza kingamwili kwa wingi ambao malaria ya kawaida haiwezi kukupa, na mbu akitema wadudu wanakutana nazo njiani.

Ila sifichi udhaifu wake. Zile kingamwili zinapanda juu sana alafu zinashuka, ndani ya miezi tu zinaanza kupungua, na sporozoiti mmoja tu akipenya imetosha, unaanza na makumi elfu kwenye damu. Ndo maana kuna dozi ya nne. RTS,S ilipojaribiwa kati ya 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, kwetu ilikuwa Bagamoyo na Korogwe, watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne malaria ilipungua kwa asilimia 36 kwa muda wa miaka minne. R21 nayo kwetu ilijaribiwa Bagamoyo, ndani ya mwaka wa kwanza ilipunguza malaria kwa asilimia 75 kwenye maeneo ya malaria ya msimu na asilimia 68 kwenye maeneo ya mwaka mzima. Usizilinganishe namba hizo mbili kana kwamba ni mbio moja, moja ni miaka minne na nyingine ni mwaka mmoja. WHO iliipitisha RTS,S Oktoba 2021 na R21 Oktoba 2023.

Utasikia pia watu wanasema chanjo inaleta homa ya uti wa mgongo na inaua watoto wa kike. Hilo halikutoka hewani. Kwenye yale majaribio ya mwanzo ya RTS,S namba ndogo ndogo zilionyesha hivyo na wanasayansi wenyewe ndo waliosema, na kwa sababu hiyo WHO ikakataa kuipitisha moja kwa moja, ikataka ianzwe kwanza Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019 na watoto wafuatiliwe. Hayo madhara hayakuonekana tena, na vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa kwa sababu zote, ukiacha ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Kinachobaki ni homa, maumivu pale alipochomwa, na wachache wanapata degedege la homa ndani ya siku chache baada ya sindano, kwahiyo homa ikipanda umpeleke, usikae nayo.

Nirudi kwa mdogo wako sasa, maana ile sababu ya pili niliyokuahidi ni hii. Mtu aliyekwishaumwa malaria mara nyingi mwili wake unajibu chanjo tofauti na mtu ambaye hajawahi. Kuna chanjo ya sporozoiti wazima waliodhoofishwa kwa mionzi, inaitwa PfSPZ, ilipopewa watu wazima Bagamoyo kwa dozi ileile waliyopewa Wamarekani, Watanzania walitengeneza kingamwili pungufu, na watoto wa Kitanzania wakajibu vizuri kuliko wakubwa wao. Sababu inayodhaniwa unaweza kuibashiri, seli za mtu aliyekaa na malaria miaka mingi zimejifunza kupoza, kuna seli T ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine ili usiungue homa kila mdudu akionekana, ndo hiyo hiyo 'damu imezoea' unayoisema wewe. Inakusaidia usizidiwe, na hapohapo inaweza kuifanya chanjo iongee na mtu aliyesinzia. Hii huwezi kuijua kwa damu ya London. Kwahiyo damu ya kijana aliyekulia Urambo, mkoa wa Tabora, ambao kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 uliongoza nchi nzima, asilimia 23 ya watoto chini ya miaka mitano walikutwa na malaria wakati wastani wa taifa ni 8, ni damu yenye habari.

Lakini seli kujibu kwenye kisahani sio kinga. Hapo nasisitiza kwa sababu magazeti yanapenda kukimbilia. Miaka ya tisini ilikuja chanjo ya vipande inaitwa SPf66, ya Manuel Patarroyo wa Colombia, ikajaribiwa Idete kule Kilombero, majibu ya 1994 yakasema inapunguza malaria kwa asilimia 31, watu wakafurahi, ikajaribiwa kwa watoto wachanga hukohuko Kilombero haikuwakinga, ikafa. Ikaja nyingine iliyotengenezwa makusudi kuamsha zile CD8 za ini, Kilifi nchini Kenya watu wazima maambukizi yakapungua kwa asilimia 67, wakaipeleka kwa watoto wadogo Burkina Faso, haikufanya kitu cha maana. Vidoa kwenye visahani vilikuwepo. Kwahiyo mtu akikuambia tumepata vipande vinavyoamsha seli, sema hongera, alafu muulize wamejaribu kwa watoto?

Ninayoiangalia kwa hamu mimi binafsi ni ya hatua ya damu, ya protini inaitwa RH5. Mdudu anaitumia kushika protini moja ya chembe nyekundu ili aingie, hiyo ilijulikana 2011, na uzuri wake haibadilishi sana mashati kwa sababu bila yenyewe haingii. Ilijaribiwa Bagamoyo kwa wakubwa na watoto, na watoto ndo walitoa kingamwili kali zaidi. Baadae Burkina Faso mpangilio mmoja wa dozi ulipunguza malaria kwa asilimia 55 ndani ya miezi sita. Ukija kuiunganisha na R21, moja mlangoni na nyingine ndani, hapo panaweza kuwa na kitu. Bado lakini, ni miaka.

Wifi yako. Pole nyingi kwake. Yaliyompata yana maelezo mawili yaliyokutana siku moja. La kwanza, ile kinga ya kutozidiwa inahitaji kukumbushwa, kingamwili zikikosa mdudu zinapungua, na Njombe ni baridi, mbu wa malaria kule ni wachache, miaka minne inatosha kabisa mwili kulegea. Seli za kumbukumbu zinabaki kiasi, kwahiyo hajarudi kuwa kama mtoto mchanga, ila ule upesi hana. La pili ni mimba ya kwanza. Kondo la nyuma lina sukari fulani kwenye kuta zake ambayo sehemu nyingine za mwili haipo kwa namna ile, na mdudu ana shati maalum la kuing'ang'ania hiyo. Mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hajawahi kuliona hilo shati hata angezaliwa katikati ya mbuga ya mbu. Mimba ya pili na ya tatu anakuwa ameshalijua, ndo maana ya kwanza inasumbua zaidi. Kwahiyo hakulogwa na wala hakukosea, ila msiwaambie tena watu wanaorudi kutoka nyanda za baridi kwamba 'wewe mwenyeji hapa'. Akishika mimba tena aende kliniki mapema, apewe SP, ile dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, kila mwezi miezi mitatu ya mwanzo ikishapita, alale kwenye chandarua chenye dawa, na kama anatumia septrini amwambie muuguzi kwa sababu hizo mbili hazipewi pamoja. Na wingi wa damu apimwe kila hudhurio, hasa yeye aliyeshaongezewa.

Mtoto wako wa miezi saba usimsubirishe. Huyu ndo yuko kwenye hatari kuliko wote mliomo humo ndani, ile kinga uliyompa tumboni inaisha kwenye umri huu na ya kwake hajaijenga. Chanjo ya malaria inaanza miezi mitano, dozi tatu za kupishana mwezi mmoja mmoja na ya nne baadae, yeye yuko ndani ya umri. Nenda kliniki ya watoto na kadi yake, muulize muuguzi kama chanjo ya malaria imeshafika kwenye ratiba ya kituo chenu. Ikiwepo inatolewa kituoni na inaandikwa kwenye kadi, usinunue kwa mtu yeyote anayepita mtaani hata akikuonyesha kichupa chenye maandishi ya Kiingereza. Na apate au asipate, chandarua ni kilekile, homa ni kipimo kilekile ndani ya siku hiyohiyo, siyo kumpa mseto uliobaki wa kaka yake. Mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuumwa malaria, ila mara chache zaidi.

Ukiona degedege, anatapika kila kitu, hanyonyi, amelegea hafunguki macho vizuri, anapumua kwa haraka au kwa shida, viganja vimekuwa vyeupe, macho ya njano, au mkojo wa rangi ya kokakola, hapo hakuna kusoma mtandao wala kuniandikia mimi, ni zahanati ya karibu muda huohuo hata kama ni saa nane usiku, wakiona wamezidiwa watakupa rufaa ya hospitali ya wilaya au Kitete, hospitali ya mkoa. Omba waanze matibabu kabla ya safari kama dawa wanayo.

Kwa mdogo wako nina mambo machache. Anayo haki ya kubaki na nakala ya fomu, kama hakupewa arudi aiombe, pale lazima pawe na namba ya mtafiti na namba ya kamati ya maadili, na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Aangalie kipengele cha damu itakayobaki: itahifadhiwa miaka mingapi, itasafirishwa nje ya nchi au la, na je amekubali itumike kwa utafiti mwingine. Hivyo ni vitu tofauti na anaruhusiwa kukubali kimoja akakataa kingine, hata sasa akibadili mawazo anaweza kuwaambia watupe kilichobaki na hawatakiwi kumuuliza kwanini wala kumdai nauli. Mkono ukivimba pale walipochoma, au ukawa mwekundu na wa moto, arudi kwao au aende kituo chochote. Akipata homa wiki hizi apime malaria kama mtu mwingine yeyote, itakuwa imetoka kwa mbu wa hosteli. Na asitegemee kupigiwa simu aambiwe 'wewe una kinga' au 'huna', kile kipimo hakisemi hivyo kwa mtu mmoja mmoja, kinasema kitu zikishakusanywa seli za watu wengi.